Mwanamke wa Bangoni na Mwanamke wa Vitabuni: Kuhakiki Kampeni dhidi ya Dhuluma kwa Wanawake

Utangulizi

Kila ifikapo Novemba 25, mwalimu mwenzangu, mabango mapya hubandikwa kwenye kuta za ofisi za serikali, zahanati, vituo vya matatu na hata mbao za matangazo za shule zetu. Huo huwa ni mwanzo wa siku 16 za uhamasishaji dhidi ya dhuluma za kijinsia, ambazo hukamilika Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu. Aghalabu bango huwa na picha ya mwanamke. Jicho lake limevimba, au uso ameufunika kwa viganja, au ameketi sakafuni katika pembe ya chumba chenye giza. Chini yake pana maneno machache ya kukanya.

Mpita njia hulitazama bango hilo na kwenda zake. Sisi walimu wa fasihi hatuna budi kulitazama mara mbili. Bango hilo lina mhusika, lina mandhari, lina msimulizi asiyejitaja jina, lina hadhira inayolengwa na lina msimamo. Kwa ufupi, ni matini. Ikiwa tunawafunza wanafunzi wetu kuuliza mwandishi wa riwaya amemchora vipi mwanamke, hatuna sababu ya kuwanyima swali hilo hilo wanapokutana na matangazo ambayo wengi wao huyasoma zaidi ya wanavyosoma riwaya.

Makala haya yananuia kueleza jinsi kampeni za aina hii zinavyoweza kuhakikiwa darasani kwa zana tulizo nazo tayari. Aidha, yanadai kwamba kampeni yenye nia njema inaweza kuchora taswira inayomrudisha mwanamke pale pale ilipokusudia kumtoa.

Usuli wa kampeni hizi

Ni vyema kwanza tujue zilikotoka. Tarehe 25 Novemba huwakumbuka dada watatu wa ukoo wa Mirabal, yaani Patria, Minerva na María Teresa, waliouawa mwaka wa 1960 katika Jamhuri ya Dominika kwa kuupinga utawala wa kiimla wa Rafael Trujillo. Wanaharakati wa Amerika ya Kusini na Karibi waliiteua siku hiyo mwaka wa 1981, na Umoja wa Mataifa ukaitambua rasmi mwaka wa 1999. Kampeni ya siku 16 yenyewe ilianza mwaka wa 1991. Mwaka huo huo, nchini Kanada, wanaume walianzisha kampeni ya utepe mweupe kufuatia mauaji ya wanawake 14 katika chuo cha uhandisi mjini Montreal mnamo Desemba 6, 1989.

Zingatia jambo moja hapa. Dada wa Mirabal hawakuwa wanawake waliokaa pembeni wakilia. Walikuwa wapinzani wa kisiasa. Walakini, siku yao inapofika, mwanamke tunayemwona bangoni mara nyingi ni yule asiye na jina, asiye na kazi na asiye na la kusema. Mhusika amebadilishwa njiani.

Nasi hapa Kenya tuna mwaka wetu wa 1991. Usiku wa Julai 13, wavulana wa shule ya upili ya St. Kizito kule Meru walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki na makumi wengine wakabakwa. Mkasa huo uliwashtua wengi, na yaliyosemwa baadaye yaliwashtua tena, kwani baadhi ya kauli zilizoripotiwa ziliuchukulia ubakaji kana kwamba ni utundu wa wavulana. Somo kwetu walimu ni kwamba lugha inayotumiwa kuelezea dhuluma inaweza kuwa sehemu ya dhuluma yenyewe.

Tangu wakati huo sheria zimeongezeka: Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006, iliyowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule, sheria ya kuharamisha ukeketaji ya mwaka wa 2011, na Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka wa 2015. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu watimize miaka 15. Utafiti uliotangulia, wa mwaka wa 2014, ulikuwa na jambo la kushangaza zaidi. Asilimia 42 ya wanawake na asilimia 36 ya wanaume walikubali kwamba zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Takwimu hizi za pili ndizo zinazotuhusu sana sisi watu wa fasihi, kwa kuwa zinahusu imani, na imani hulelewa na hadithi, methali, nyimbo na picha.

Maswali matano ya kuulizia bango

1. Nani yumo pichani na nani hayumo?

Katika uhakiki wa tamthilia huwa tunamwangalia hata mhusika asiyetokea jukwaani lakini anayeendesha matukio. Katika mabango mengi mhusika huyo ni mpigaji. Mwanamke ana jicho jeusi, lakini ngumi haina mwenyewe. Mtazamaji akilisoma bango la aina hii mara mia, atazoea kuiona dhuluma kama ugonjwa unaowapata wanawake, mithili ya malaria, ilhali dhuluma ni kitendo ambacho mtu fulani huamua kukitenda.

2. Nani anatenda?

Hapa sarufi yetu ni hazina. Tazama sentensi hizi: Juma alimpiga mkewe. Mke wa Juma alipigwa na Juma. Mke wa Juma alipigwa. Mke wa Juma alipata kipigo. Kuna ugomvi nyumbani kwa Juma. Katika sentensi ya kwanza Juma ni kiima na anatenda. Katika ya pili amesukumwa mwishoni. Katika ya tatu ametoweka. Katika ya nne mwanamke ndiye "aliyepata", kana kwamba alikitafuta kipigo akakipata. Katika ya tano hata kipigo hakipo tena, na wawili hao sasa wana hatia sawa.

Kauli ya kutendwa si kosa la kisarufi, na wakati mwingine inafaa sana, hasa pale ambapo mtendaji hajulikani. Lakini ikitumika kila mara, inamfichia mtendaji aibu yake. Vivyo hivyo tunasema "msichana aliyepata mimba akaacha shule", na ni nadra tusikie "mwanamume aliyempa msichana mimba akaendelea na kazi yake". Waulize wanafunzi wako ni sentensi ipi kati ya hizo mbili wameisikia mara nyingi zaidi, na kwa nini.

3. Anaitwa nani?

Uteuzi wa msamiati ni kipengele cha mtindo, na mtindo hubeba msimamo. Tuna neno "mwathiriwa", linalomtaja mtu kwa lililompata. Tuna pia "manusura", linalomtaja kwa kuokoka kwake. Yote mawili yana nafasi yake. Aliyeuawa hawezi kuitwa manusura, na aliye kitandani leo huenda hataki kuambiwa kwamba ameshinda. Mhakiki aangalie neno limetumiwa wapi na limemfanya nini mhusika.

Neno linalohitaji kujadiliwa zaidi ni "kunajisi", ambalo magazeti na redio zetu hulitumia sana kwa ubakaji wa watoto. Asili yake ni najisi, yaani uchafu unaomfanya mtu au kitu kisifae mpaka kitakaswe. Tukisema mtoto amenajisiwa, tunasema bila kukusudia kwamba uchafu umebaki kwake. Aliyetenda hana doa, na aliyetendewa ndiye najisi. Baadhi ya wasomaji watasema kwamba neno limeshazoeleka na maana ya asili imefifia. Huenda. Lakini msichana aliyetendewa kitendo hicho halisikii neno kwa sikio la mwanaisimu. Analisikia kwa sikio lake, tena mbele ya wenzake darasani. "Kubaka" na "kudhulumu kingono" hazimwachi na doa hilo.

4. Anathaminiwa kwa sababu gani?

Hebu tubuni bango kwa ajili ya somo letu. Picha ni ya mama kizee, msichana wa sare ya shule na bibi arusi. Maneno ni haya: "Usimpige mwanamke. Ni mama yako, ni dada yako, ni mke wako." Wengi tungelipenda bango hili, na kwa kweli lina utu ndani yake. Lakini hebu tulihakiki. Mwanamke anayekingwa hapa ni yule aliye wa mtu. Vipi yule asiye mama, asiye mke, anayeuza pombe, au anayerudi nyumbani usiku wa manane? Bango halikumtaja, na aliyeachwa nje ya bango ameachwa nje ya huruma.

Jambo hili si la kinadharia tu. Mnamo Januari 27, 2024, maelfu ya watu waliandamana jijini Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya mjadala ilikuwa imejaa maswali kuhusu waliouawa: walikuwa wakitafuta nini kule, walivaa nini, walikuwa na nani. Maswali hayo yalitokana na taswira ile ile ya bango: kwamba yupo mwanamke anayestahili kukingwa, na yupo asiyestahili.

Nchini India, mwaka wa 2013, kampeni moja iliwachora miungu wa kike wa Kihindu wakiwa na majeraha usoni. Ilisifiwa kwa ubunifu wake, lakini wahakiki wakauliza swali zito: kwani mwanamke ni lazima awe mungu ndipo asipigwe? Swali lao ndilo letu hapa. Haki ya kutopigwa haitokani na umama, uke wa mtu wala utakatifu. Inatokana na kuwa binadamu.

5. Nani anaambiwa afanye nini?

Tafuta kitenzi cha kuamrisha na uone kinamwelekea nani. "Piga ripoti", "Vunja kimya", "Usinyamaze". Mara nyingi anayeamrishwa ni mwanamke aliyeumizwa, na kimya chake kinageuzwa kuwa ndicho tatizo. Ilhali huenda alishasema kwa mama mkwe, kwa mzee wa mtaa, kwa kasisi na kituoni, na akaambiwa arudi akavumilie. Kimya kilichohitaji kuvunjwa ni cha wale waliosikia.

Dada zake vitabuni

Maswali haya matano yanawafaa vilevile wahusika wa vitabuni, na hapa ndipo somo letu linapata utamu. Katika Utengano, riwaya ya Said A. Mohamed ya mwaka wa 1980, Bi. Tamima anapigwa na kupewa talaka na Maksuudi. Tukimtazama yeye peke yake, anafanana na mwanamke wa bangoni. Lakini mwandishi hakuishia hapo. Anamleta mpigaji mbele yetu, anatuonyesha mali yake, siasa zake na unafiki wake, na anatuonyesha jinsi dhuluma ya nyumbani inavyomfuata bintiye Maimuna hadi nje ya nyumba. Mwenye ngumi ana jina.

Natala, katika tamthilia ya Kithaka wa Mberia ya mwaka wa 1997, ni taswira nyingine. Anaambiwa kwamba mumewe amefariki na anashinikizwa arithiwe. Anakataa, na kukataa kwake ndiko kunakoisukuma tamthilia mbele. Mwanafunzi hamwonei Natala huruma tu. Anataka kujua atafanya nini baadaye. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mhusika na picha.

Tunu wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, anashambuliwa na wahuni na kuumizwa mguu kwa sababu ya uongozi wake. Anabaki na mguu mbovu, na bado anaongoza. Kwa hivyo jeraha limo matinini, lakini si jina lake wala mwisho wake. Tunu angewekwa bangoni, msanii angeshawishika kuuchora mguu peke yake.

Mfano unaozua mjadala mkali zaidi ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Yona anampiga Sara, na jamii inayomkejeli kwa kukosa mtoto wa kiume ina mkono wake katika kipigo hicho. Baadaye Yona anabadilika na kumhudumia mkewe katika ugonjwa. Je, mabadiliko hayo yanafuta aliyoyatenda? Je, tunaambiwa mwanamke avumilie kwa kuwa siku moja mume atageuka? Au mwandishi anasema kwamba mpigaji anaweza kuacha, hivyo hana kisingizio cha kuendelea? Usiwape wanafunzi jibu upesi. Waambie wathibitishe kwa matini.

Kampeni zilizobadili taswira

Si haki kuzilaumu kampeni zote. Zipo zilizoyajibu maswali yetu vyema. Nchini Afrika Kusini, msururu wa nne wa kipindi cha Soul City, uliotangazwa mwaka wa 1999, ulisimulia kisa cha dhuluma ya nyumbani. Katika kisa hicho majirani walijitokeza na kugonga masufuria nje ya nyumba ya mpigaji. Kazi ya kuvunja kimya ilihamishwa kutoka kwa mke hadi kwa mtaa. Nchini India, mwaka wa 2008, shirika la Breakthrough lilianzisha kampeni ya Bell Bajao, maana yake "gonga kengele". Jirani anasikia kipigo, anaenda, anabonyeza kengele ya mlango na kuomba jambo dogo tu, na kipigo kinakatizwa. Kitenzi cha kuamrisha kimemwelekea aliyesikia.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni wa Kampala, ambako shirika la Raising Voices lilibuni mpango liliouita kwa neno la Kiswahili: SASA! Mpango huo hauanzi na picha ya jeraha. Unaanza na swali kuhusu nguvu: nguvu iliyo ndani ya mtu, nguvu juu ya mwingine, nguvu ya pamoja na nguvu ya kutenda. Majirani huketi na kujadiliana kwa miezi na miaka, wanawake kwa wanaume. Utafiti uliofanywa huko kati ya mwaka wa 2007 na 2012 ulionyesha kwamba katika mitaa iliyokuwa na mpango huo, wanawake walioripoti kupigwa na wapenzi au waume zao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa takriban nusu ikilinganishwa na mitaa mingine. Mitaa iliyochunguzwa ilikuwa 8 tu, kwa hivyo tuisome tarakimu hiyo kwa tahadhari. Hata hivyo, mwelekeo wake unatupa moyo. Na sisi ambao lugha hii ndiyo kazi yetu tuone fahari, na pia changamoto, kwamba neno letu limetumiwa vizuri hivyo.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba picha ya kutisha ndiyo inayoamsha watu. Ni kweli kwamba jeraha huvuta jicho, na katika kesi mahakamani picha ya jeraha ni ushahidi muhimu. Lakini kinachovuta jicho si lazima kigeuze moyo. Aidha, mwanamke anayetukanwa, anayenyimwa pesa za chakula, au anayefungiwa nyumbani hana jicho jeusi. Akilitazama bango atasema, "Mimi si huyu, basi yangu si dhuluma."

Wengine watauliza, wanaume nao hawapigwi? Hupigwa. Utafiti ule wa mwaka wa 2022 ulipata asilimia 27 ya wanaume waliowahi kuumizwa tangu wafikishe miaka 15. Mwanafunzi akiliuliza swali hilo usimkemee. Mwambie alitumie kuhakiki: nani aliwaumiza, wapi, na je, swali limeulizwa ili wote wakingwe, au ili mazungumzo kuhusu wanawake yafungwe?

Namna ya kufundisha

Vipindi viwili vinatosha. Katika kipindi cha kwanza, wagawe wanafunzi katika makundi ya watano watano. Kila kundi lipewe bango moja, au habari fupi ya gazeti iliyoondolewa majina, na lijibu maswali matano. Kipindi cha pili kiwe cha uandishi. Kila kundi liandike bango upya kwa masharti matatu: mtendaji atajwe au aonekane, mwanamke awe anafanya jambo, na agizo limwelekee mtu mwingine asiyekuwa yeye. Mazoezi haya yanagusa sarufi, isimujamii na fasihi kwa mpigo, na yanamwandaa mtahiniwa kwa maswali ya taswira ya mwanamke ambayo wengi huyajibu kwa kuorodhesha tu: "Mwanamke ni mvumilivu, ni mtiifu, ni msaliti." Atajifunza kuongeza: "Kwa mujibu wa nani?"

Tahadhari

Mwalimu, usiingie somo hili ukidhani kwamba unafundisha jambo la mbali. Ukizikumbuka takwimu tulizozitaja, katika darasa la wanafunzi 45 yumo anayelijua kwa macho yake au kwa mwili wake. Kwa hivyo usimlazimishe yeyote kutoa kisa chake, usiruhusu mzaha juu ya wahusika waliobakwa, na uwape ruhusa ya kutoka nje bila maelezo. Ikiwa mwanafunzi atakujia baada ya kipindi, msikilize bila kumhoji kama polisi, na usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Waraka nambari 3 wa mwaka wa 2010 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu unakutaka uripoti dhuluma ya kingono kwa mwanafunzi katika muda wa saa 24, hata kama anayetuhumiwa ni mwenzako wa chumba cha walimu. Nambari za simu zisizolipiwa, 116 kwa watoto na 1195 kwa dhuluma za kijinsia, ziandikwe ubaoni mwanzoni mwa kipindi na zisifutwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba kampeni dhidi ya dhuluma kwa wanawake ni matini yenye wahusika, sarufi na msimamo. Tumeona pia kwamba bango linaweza kumtetea mwanamke kwa neno moja na kumdunisha kwa jingine. Zana za kulihakiki tunazo, na tunazitumia kila juma tunapochambua vitabu teule. Wengine katika madarasa yetu watakuwa waandishi wa habari, maafisa wa polisi, mahakimu, wachoraji wa mabango, na wengi watakuwa majirani tu. Siku moja mmoja wao atasikia kilio ukutani mwa jirani. Atakalojiambia wakati huo, kwamba "ni ugomvi wa mke na mume" au kwamba "mtu anampiga mtu", huenda likategemea sentensi tuliyomfunza kuichanganua.